Taa ya mbele ni ya macho yangu, ya nyuma ni ya macho ya wengine

Taa za baiskeli mara nyingi huuzwa mbili kwa pamoja, nyeupe na nyekundu ndani ya boksi moja, kana kwamba ni jozi ya viatu. Mnunuzi huchukua ile nyeupe, huiwasha, huielekeza ukutani, husema "hii kali", basi biashara imekwisha. Nyekundu huja kama nyongeza.

Kazi yangu huanza kabla hakujapambazuka, na kuna zamu ambazo huniachia usiku mkubwa, kwa hiyo sehemu nzuri ya safari zangu za baiskeli ni za gizani. Kwa kupanda huko nimeona kwamba taa hizi mbili hazina kazi moja. Ya mbele nainunua kwa ajili ya macho yangu: nione shimo, kokoto, mbwa aliyelala njiani, mtu aliyevaa nguo nyeusi. Ya nyuma mimi mwenyewe siioni nikiwa juu ya tandiko. Ni ya macho ya mtu nisiyemjua, anayenijia mgongoni kwa kasi, pengine amechoka, pengine kioo chake kina vumbi. Kila moja ina maswali yake dukani.

Nianze na ya mbele, maana ndiyo yenye maneno mengi. Kwenye boksi kuna namba kubwa: lumeni 800, lumeni 1200, wengine hufika mpaka 2000. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa. Haisemi mwanga huo umekwenda wapi. Taa ya lumeni 1000 yenye lenzi ya mviringo humwaga mwanga wa duara kama tochi yoyote, na nusu ya juu ya duara hilo huishia kwenye matawi ya miti na kwenye nyuso za watu. Umeilipia, lakini barabara haijaipata. Kipimo kinachoeleza mwanga ulioangukia mahali fulani ni luksi, yaani lumeni ngapi zimeenea kwenye mita moja ya mraba. Nayo hushuka upesi kadiri unavyokwenda mbali: umbali ukiongezeka mara mbili, inabaki robo, ukiongezeka mara tano, inabaki sehemu moja ya 25. Ndiyo maana taa inaweza kuifanya lami iwe nyeupe pepe mita tano mbele ya gurudumu, halafu mita 25 mbele usione kitu.

Ujerumani wamelitunga jambo hili kisheria. Kanuni zao za vyombo vya barabarani, StVZO, hazikuulizi una lumeni ngapi. Zinataka taa ya mbele ya baiskeli itoe angalau luksi 10 ikipimwa kwa umbali wa mita 10, na zinaweka kikomo kwa mwanga unaopanda juu. Watengenezaji wakalazimika kubuni vioo vinavyokata mwanga, kama taa ya gari iliyoshushwa: chini ya ukingo barabara imeoga mwanga, juu ya ukingo giza. Taa iliyopitishwa huchongwa mstari wa mawimbi, herufi K na namba. Hata kama huishi huko, alama hiyo ni msaada, kwa sababu inakuambia kuna mtu aliyepima umbo la mwanga, si wingi wake tu.

Umbo hilo halihitaji kipimo chochote kuliona. Simamisha baiskeli gizani mita tano kutoka ukutani, iwashe, tazama. Ukiona duara lenye kiini kikali katikati na ukungu mpana pembeni, hiyo ni tochi. Ukiona kitu cha mapana, kilichonyooka juu kama kimekatwa kwa rula, hiyo imetengenezwa kwa ajili ya barabara. Na ukuta huohuo ndio wa kurekebishia. Tuseme taa iko sentimita 90 kutoka ardhini. Ukingo wa juu ukigonga ukuta sentimita 10 chini ya kimo hicho, mwanga utagusa barabara kiasi cha mita 45 mbele. Mimi huweka alama ndogo ya chaki ukutani na kurudia kila nikifungua taa kuichaji, kwa sababu kibano huwa hakirudi palepale.

Kwa nini nashikilia sana huu ukingo wa juu? Kuna njia nyembamba ninayopita, upande mmoja mtaro, upande wa pili ukingo wa zege. Usiku mmoja alinijia mwendesha baiskeli mwenye taa kali ya duara, imeinuliwa, halafu ameiweka kwenye kumetameta. Kwa sekunde chache sikuwa na njia, sikuwa na mtaro, sikuwa na yeye. Nilikuwa na pazia jeupe linalowaka na kuzima. Nilisimama na kuweka mguu chini. Yeye akapita, akanisalimia kwa furaha. Alikuwa anaonekana, hilo sikatai, lakini alikuwa amewapofusha wote ambao usalama wake ulitegemea macho yao. Mtembea kwa miguu akipigwa na mwanga wa namna ile huinua mkono usoni na mara nyingi husogea bila kuangalia, na anaposogea ndipo unapopita wewe.

Sasa, mwanga kiasi gani unatosha? Jibu langu huanzia kwenye breki. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa unakwenda mita 5 na nusu hivi kila sekunde. Hesabu sekunde moja na nusu ya kuona, kuelewa na kubana breki, kisha mita nne hivi za kusimama kwenye lami kavu: jumla mita 12. Kwa kilomita 30 kwa saa jumla inafika mita 21. Kwenye maji au changarawe ongeza, na ongeza nyingi. Taa inayoonyesha shimo vizuri mita 15 tu inatosha mtu anayetembea polepole, haimtoshi anayeteremka mlima. Kwenye barabara zenye taa za nguzo, hesabu hii hailemei sana taa yako, kwa kuwa barabara unaiona tayari. Hapo taa ya mbele ni ya kuwaambia wengine upo, na lumeni 100 au 200 zilizoelekezwa vizuri zinafanya kazi hiyo. Penye giza totoro ndipo umbo na nguvu vinapohitajika pamoja. Mimi hutumia taa ya luksi 80 iliyokatwa juu, na kwa mwendo wangu sijaona haja ya kupanda zaidi.

Mwanga mwingi mno una adhabu yake hata kwa mwenyewe. Jicho la binadamu huchukua dakika 20 mpaka 30 kulizoea giza sawasawa. Ukimwaga ziwa la mwanga mkali mbele tu ya gurudumu, jicho hulizoea ziwa hilo, na kila kilicho nje yake kinakuwa cheusi zaidi kuliko kilivyo. Taa nzuri hupeleka mwanga mwingi mbali na kidogo karibu, ili barabara ionekane kama zulia la rangi moja kutoka miguuni hadi mbele. Mtu anayeiona mara ya kwanza huilalamikia kuwa hafifu, kwa sababu hana doa kali la kujivunia.

Betri nayo ina hesabu ambayo haidanganyi. Taa nyingi za kuchaji zina betri ya lithiamu ya aina ya 18650, jina linalotokana na unene wa milimita 18 na urefu wa 65. Betri nzuri ya namna hiyo hubeba kiasi cha saa-wati 12, yaani inaweza kutoa wati 12 kwa saa moja. Taa za LED za baiskeli, ukichukua taa nzima na upotevu wake, hutoa lumeni 100 hivi kwa kila wati moja; zipo zinazozidi kidogo. Basi lumeni 1000 zinataka wati 10, na saa-wati 12 zinaisha baada ya saa moja na dakika chache. Nikiona taa ndogo ya betri moja iliyoandikwa "lumeni 1000, saa 6", najua kuna jambo. Ama zile saa 6 ni za kiwango cha chini kabisa, ama taa inajipunguza yenyewe kimyakimya baada ya dakika kadhaa, ama namba zimepikwa. La katikati ndilo nililolikuta mara nyingi, na lina sababu ya haki: LED ikipata joto kupita kiasi huharibika, kwa hiyo taa hujishusha. Upepo wa safari huipoza. Ukisimama muda mrefu njia panda utaiona ikififia.

Ninachotaka kujua kwa hiyo ni saa ngapi taa inakaa kwenye kiwango nitakachotumia kweli, na itanionyaje ikikaribia kuisha. Kijitaa kinachobadilika kutoka kijani kwenda chekundu kina thamani kuliko lumeni 300 za ziada. Zipo taa zinazokata ghafla, kutoka mwanga kamili hadi giza. Hizo siziwezi, hata zikipewa bure.

Kuhusu mahali pa kuifunga kuna jambo dogo ambalo lilinishangaza. Taa iliyoshuka chini, karibu na gurudumu, hulifanya kila jiwe na kila ukingo wa shimo kutupa kivuli kirefu, na kivuli ndicho kinachokuonyesha shimo. Taa ya kwenye kofia ngumu hufanya kinyume: mwanga unatoka karibu na macho, vivuli vinajificha nyuma ya vitu, barabara inaonekana tambarare kabisa hadi utakapodumbukia. Ina faida yake kwenye kona, kwa kuwa inageuka na kichwa, na ukipata pancha ni mkombozi. Lakini penye ukungu, vumbi au manyunyu inakurudishia mwanga machoni kama ukuta mweupe. Mimi naibeba, siiwashi hadi niihitaji.

Ya nyuma nilijifunza zaidi nikiwa garini kuliko nikiwa kwenye baiskeli. Kwa muda fulani nilikuwa nikipewa lifti ya kurudi nyumbani usiku, na nikiwa nimekaa kushoto kwa dereva sikuwa na kazi nyingine ila kutazama waendesha baiskeli. Nilikuwa nasubiri kuona taa zao nyekundu zinavyoonekana, na mara nyingi hazikuonekana kabisa mpaka tumekaribia. Haikuwa kwamba hawana taa. Mmoja amevaa koti refu lililoifunika. Mwingine amefunga mzigo kwenye keria na taa iko chini ya tandiko, nyuma ya mzigo. Wengine taa imeinamia gurudumu, inamulika tairi lake mwenyewe.

Hilo la kuinama ni kubwa kuliko linavyoonekana. Taa za nyuma hukusanya mwanga wake kwenye mkondo mwembamba ili zionekane mbali. Ukiinamisha nyuzi tano tu, kwa umbali wa mita 50 kiini cha mkondo huo kimeshuka zaidi ya mita nne, yaani kimezama ardhini zamani kabla ya kumfikia dereva. Nguzo ya tandiko imelala nyuma, siyo wima, kwa hiyo taa isiyo na kibano cha kurekebisha pembe huwa tayari imeelekea pasipo. Dukani naipachika kwenye nguzo kama inavyotakiwa, naenda nyuma hatua kadhaa, nachuchumaa hadi kimo cha macho ya dereva wa gari dogo, natazama. Kisha nasogea pembeni, nyuzi 45 hivi, natazama tena. Nyingi hupotea hapo. Na hapo pembeni ndipo anapokuwa dereva anayetoka barabara ndogo.

Kumetameta au kuwaka moja kwa moja? Watu wanagombana juu ya hili, na sheria zenyewe hazikubaliani: Ujerumani hairuhusu taa ya baiskeli inayometameta, Uingereza imeiruhusu tangu 2005 mradi imete kati ya mara 60 na 240 kwa dakika. Nilichokiona kutoka kwenye kile kiti cha gari ni kwamba inayometameta huvuta jicho mapema. Kutoka mbali unajua kuna baiskeli. Lakini ukikaribia, huwezi kujua iko umbali gani wala inaelekea wapi, kwa sababu kila ukiishika inazima, na ikiwaka tena imeshahama. Inayowaka mfululizo jicho hukaa nayo na kupima umbali bila shida. Kwa hiyo nafunga mbili: moja kwenye nguzo ya tandiko inayowaka bila kukatika, nyingine kwenye keria inayopanda na kushuka mwanga taratibu bila kuzima kabisa. Sababu ya pili ya kufunga mbili ni rahisi zaidi. Taa ya nyuma ikizima njiani, mimi ndiye wa mwisho kujua.

Ukali wake usizidi. Kwenye giza, nyekundu ya lumeni 20 au 30 iliyonyooka inaonekana mbali sana. Ile ya lumeni 200 imekusudiwa mchana wa jua kali, na ukiiwasha usiku anayekufuata nyuma kwa baiskeli atakuchukia kwa haki. Mchana nao haustahili kudharauliwa. Wadenmark walifanya jaribio mjini Odense mwaka 2004 na 2005: waendesha baiskeli zaidi ya 3,800, karibu nusu wakapewa taa zinazowaka muda wote, mchana na usiku. Kundi lenye taa lilipata ajali zenye majeruhi kwa kiwango cha chini kwa asilimia 19. Tangu niliposoma hayo, ya nyuma haizimwi hata saa sita mchana. Naishusha au kuipandisha tu kulingana na jua.

Halafu kuna kiakisi mwanga, kipande cha plastiki chekundu ambacho watu hukivunja wakidhani ni pambo. Hakina betri wala swichi, hakisahauliki. Ubaya wake ni kwamba hurudisha mwanga kwa aliyeutuma tu: gari likiwa limeelekea pengine, au taa zake zimezimwa, kipo kama hakipo. Pia kikichafuka matope hakirudishi kitu. Naamini zaidi vile vya kwenye pedali na utepe wa kung'aa kwenye vifundo vya miguu. Miguu inapanda na kushuka, na ubongo wa dereva hutambua mwendo huo kuwa ni binadamu kabla hajaelewa anaona nini hasa. Fulana ya manjano inayowaka ni jambo jingine: rangi ile hupata nguvu zake kutoka kwenye mionzi ya jua, kwa hiyo usiku inakuwa fulana ya kawaida isipokuwa ile mistari yake ya kijivu inayoakisi.

Mambo madogo yanayoua taa kabla ya wakati wake nitayataja haraka. Maji: IPX4 maana yake inavumilia kurushiwa maji kutoka pande zote, IPX7 inaweza kuzama mita moja kwa dakika 30. Taa ya nyuma isiyo na kizuia matope juu ya gurudumu hupigwa na maji ya tairi muda wote wa mvua, kwa hiyo nayo nataka iwe na kinga nzuri kuliko ya mbele. Tazama kile kifuniko cha mpira kinachoziba tundu la chaji. Kikiwa kimeshikwa na kauzi kembamba, kitakatika, na maji yataingia hapo. Mikanda ya mpira ya kufungia nayo hukauka na kupasuka kwa jua. Naulizia kama ya akiba inauzwa. Na swichi iwe ngumu kiasi, isije ikajiwasha ndani ya begi.

Nimemaliza na betri kwa baiskeli yangu ya kazini, nimehamia dainamo. Siyo ile ya zamani ya kusugua tairi, iliyokuwa ikiteleza mvua ikinyesha na kulia njia nzima, bali ya kwenye kitovu cha gurudumu la mbele. Inatoa volti 6 na wati 3, na wati hizo ndogo, kwa kioo kilichokatwa vizuri, zinanitosha kuona barabara nzima. Hakuna chaji ya kukumbuka. Ukisimama inaacha kuzalisha umeme, kwa hiyo taa zake nzuri zina akiba ndogo ndani inayoziwasha dakika kadhaa ukiwa kwenye makutano. Ukikuta isiyo na akiba hiyo, hasa ya nyuma, iache. Ubaya wake ni gharama ya mwanzo na kusuka gurudumu upya, kazi ambayo si kila fundi anaiweza, na haihamishiki kwenda baiskeli nyingine. Kwa anayepanda jioni mojamoja ni mzigo bure. Taa ya kuchaji inamtosha.

Ndugu na marafiki wakiniuliza waanze na ipi kwa hela kidogo, nawauliza kwanza wanapita wapi. Anayepita kwenye nguzo za taa mwanzo hadi mwisho, aweke hela yake kwenye mbili za nyuma, na mbele afunge kitaa chochote cheupe kilicho imara. Anayepita gizani kweli, hela iende kwenye moja ya mbele iliyokatwa juu, na nyuma anunue nyekundu ya bei nafuu inayowaka mfululizo, pamoja na kile kiakisi mwanga alichotaka kukivunja. Ya pili ya nyuma itafuata mwezi ujao.